Wageni wakae barazani: shajara ya kutenga vifaa vya nyumbani

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo nimehesabu kila kitu kinachotumia Wi-Fi ya nyumbani kwetu hapa Tabata. Kabla ya kuwasha kompyuta niliandika kwa kalamu vile ninavyovikumbuka: simu nne, kompyuta mpakato mbili, TV ya sebuleni, printa, DVR ya kamera (kisanduku kinachorekodi picha zake), soketi tatu za Wi-Fi na inveta ya sola. Jumla kumi na tatu. Kisha nikaendesha `nmap -sn 192.168.1.0/24`, amri inayobisha kwenye kila anwani ya mtandao na kusubiri nani ataitika.

Wakaitika ishirini.

Mmoja ni ruta yenyewe. Sita waliobaki wamenilia jioni nzima. Herufi sita za mwanzo za anwani ya MAC, ile ambayo kifaa huzaliwa nayo kiwandani, hutaja kiwanda kilichotengeneza chipu ya mtandao, kwa hiyo ndiyo njia niliyofuata. Vifaa vitano vilijitaja kuwa ni vya Espressif, kampuni ya Shanghai ambayo chipu zake zimejaa kwenye soketi na taa za bei nafuu dunia nzima. Soketi ni tatu, je hizo mbili? Nimezunguka nyumba na tochi. Moja ni taa ya chumba cha watoto. Ya pili ni kipima maji cha tanki la juu, ambacho nilikinunua mwenyewe na kukisahau.

Watatu wengine walikuwa na anwani zisizo na kiwanda chochote. Hizo ni simu za kisasa, hujibunia MAC ya uongo ili zisifuatiliwe. Utazijua kwa herufi ya pili, ambayo huwa 2, 6, A au E. Tableti ya mtoto, simu ya dada wa kazi, na ya tatu imeleta kikao kidogo: ni ya kijana wa jirani, aliyepewa nywila mwaka juzi wakati wa mitihani akaendelea nayo. Wa sita ni kisanduku cha TV cha chumbani ambacho hakuna anayekumbuka kilinunuliwa lini.

Wote hawa wako chumba kimoja. Kompyuta ambayo mke wangu anafanyia hesabu za kikoba (ndiye mweka hazina) iko sawa kwa sawa na taa ya shilingi elfu kumi na tano.

Jumapili, 12 Januari

DVR. Nimeikagua kwa `nmap -sV` na imenivunja moyo. Poti ni mlango wenye namba ambao kifaa husikilizia mtandao. Poti 80 iko wazi, ni ukurasa wa mipangilio, sawa. Poti 554 iko wazi, ni picha za kamera, sawa. Poti 23 nayo iko wazi. Poti 23 ni telnet, njia ya kuingia kwenye mashine na kuiamrisha, tena isiyo na usiri wowote njiani.

Nimempigia fundi aliyeifunga.

"Bosi, hiyo haina shida. Wateja wangu wote nawawekea nywila hiyohiyo, ili nikija kurekebisha nisihangaike."

Ni kijana mwema na waya zake amezinyoosha vizuri. Nimebadilisha nywila ya ukurasa wa mipangilio. Ya telnet haibadiliki: imechomekwa ndani ya programu ya kifaa kiwandani, hakuna mahali pa kuigusa, na sasisho la mwisho la programu hiyo ni la miaka mingi nyuma.

Kwa asiyekumbuka: mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kilienea duniani kwa kufanya jambo moja la kijinga kabisa. Kiligonga poti 23 na 2323 za kila anwani kilichoweza kuifikia, kikajaribu majina na nywila za kiwandani zipatazo 60, basi. Kilizoa kamera, DVR na ruta za majumbani kwa malaki. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa hivyo liliielemea Dyn, kampuni iliyokuwa ikitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, na Twitter, Netflix na Reddit zikawa hazifunguki kwa watu wengi kwa saa kadhaa. Waliotunga kirusi hicho ni vijana watatu wa Marekani, wakakiri mahakamani mwaka 2017. Walianza na ugomvi wa seva za Minecraft. Wenye kamera wenyewe hawakujua lolote. Picha ziliendelea kuonekana kama kawaida.

Najua jibu la wengi: "Mimi niko nyuma ya CGNAT, hakuna anayenifikia kutoka nje." Kweli, ruta ya kampuni ya intaneti inaonyesha anwani inayoanza na 100, dalili ya CGNAT, yaani kampuni huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje, na kutoka nje huwezi kugonga moja kwa moja. Lakini DVR haisubiri kugongewa. Inatoka yenyewe, inaishika seva ya mtengenezaji, na kushikilia mlango wazi usiku na mchana. Ndiyo maana app yake hufanya kazi ukiwa Mbeya. Na mle ndani, kijana wa jirani akishusha mchezo wenye kirusi, simu yake tayari imo nyumbani, haihitaji kupita CGNAT yoyote.

Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria inakataza kuuza kifaa cha namna hii chenye nywila moja kwa wote. Hongera kwao. DVR yangu imenunuliwa Kariakoo.

Uamuzi wa leo: kifaa kisichorekebishika hakibembelezwi, kinatengwa.

Jumamosi, 18 Januari

Nimechora ramani nyuma ya bahasha, na katika kuichora nikakumbuka nyumba ya bibi yangu Ngamiani, Tanga. Pale mgeni alikuwa na mahali pake. Muuza kahawa, mdai, rafiki wa babu, wote hukaa barazani. Wanapewa kahawa, wanaongea, wanaondoka. Mtu wa ndani hutoka akawafuata barazani. Wao hawavuki kizingiti mpaka waitwe. Na uani ni kwengine kabisa: kuna kuku, kisima na mlango wa nyuma ambao haufunguliwi kwa mtu wa nje.

Basi mitandao ni mitatu na majina ninayo (VLAN ni mtandao uliotengwa kwa namba, naieleza chini):

ndani, VLAN 10, anwani 192.168.10.x: simu na kompyuta zetu.
baraza, VLAN 30, 192.168.30.x: TV, soketi, taa, inveta, kipima maji. Vinaruhusiwa kwenda intaneti, haviruhusiwi kuanzisha mazungumzo na ndani.
uani, VLAN 40, 192.168.40.x: DVR. Haina intaneti kabisa.

Sheria ni ileile ya bibi. Wa ndani akianza maongezi, kifaa cha barazani kinaruhusiwa kumjibu, kwa sababu fayawoli, mlinzi wa ruta anayeamua kipi kipite, hukumbuka nani aliyeanza. Kikianza chenyewe, kinakataliwa.

VLAN si waya mpya. Ni lebo inayobandikwa kwenye kila fremu (kifurushi cha data) inayopita, yenye namba, na swichi, kisanduku kinachogawa waya za mtandao, huisoma lebo hiyo ijue fremu hii itokee tundu gani na isitokee lipi. Kwa hiyo swichi lazima iwe inayosoma lebo. Nimenunua ya matundu manane Kariakoo, na muuzaji alinishangaa kulipa mara tatu ya bei wakati kuna nyingine nzuri tu. "Kaka, swichi ni swichi." Ruta ni ya mtumba, nimeiwekea OpenWrt 23.05, programu huria inayompa mwenye ruta mamlaka yote. Itakaa nyuma ya ruta ya kampuni ya intaneti, ambayo sina ruhusa ya kuigusa.

Asiye na bajeti hii asikate tamaa: ruta nyingi zina mtandao wa wageni. Ukiuwasha na kuhamishia TV na soketi huko, umeshapata sehemu kubwa ya faida kwa dakika kumi. Mimi nilitaka na DVR, inayotumia waya, ndiyo maana nimeingia gharama.

Jumapili, 19 Januari

Nimejifungia nje.

Ukurasa wa OpenWrt una ustaarabu: ukibadilisha mambo ya mtandao ukapotea, ukurasa wenyewe husubiri sekunde 90, kisha hurudisha hali ya awali. Mimi kwa kujiona fundi nilipitia SSH, njia ya kuiamrisha ruta kwa maandishi, nikaandika kwa mkono, nikaanzisha mtandao upya. Kwa SSH hakuna wa kukuhurumia. Nilikuwa nimeliweka tundu ninalotumia kwenye VLAN isiyokuwapo.

"Intaneti imekatika?" sauti kutoka sebuleni.

"Nimeikata mimi."

"Haya." Ile haya ndefu.

Dawa: zima, washa, taa ikianza kumeta haraka bonyeza kitufe, ruta inaamka katika hali ya dharura kwenye 192.168.1.1 bila kusoma mipangilio yako. Kompyuta ipewe anwani kwa mkono. Saa mbili zimekwenda. Kuanzia leo, tundu namba 4 la ruta haliguswi. Ni mlango wangu wa nyuma mpaka kazi iishe.

Jumamosi, 25 Januari

Baraza imesimama. Haikuwa rahisi kama mchoro.

Kosa la kwanza: niliifunga mno. Kwenye fayawoli nilisema kutoka baraza kuja kwenye ruta yenyewe, kataa vyote. Soketi zikawa zinaunga Wi-Fi, zinakaa sekunde kadhaa, zinaachia, zinarudi tena. Nikafikiri ni mawimbi dhaifu, nikahamisha ruta juu ya kabati. Kumbe ruta ndiyo inayogawa anwani na ndiyo inayotafsiri majina ya tovuti. Mgeni amekaribishwa barazani halafu hakuna wa kumwonyesha kiti. Nikaruhusu poti 67 ya UDP (mtindo wa kutuma ujumbe bila kusubiri risiti) kwa anwani na poti 53 kwa majina, basi. Ukurasa wa mipangilio na SSH ya ruta vikabaki vimefungwa kwao.

Kosa la pili ni la akili. Nilitunga jina jipya la Wi-Fi kwa ajili ya vifaa, kisha nikaanza kuviunganisha upya kimoja kimoja: shika kitufe sekunde tano, taa imete, fungua app, subiri, imeshindikana, rudia. Chipu hizi husikia mawimbi ya 2.4 GHz peke yake na nyingi hazielewi WPA3, kinga mpya ya Wi-Fi, kwa hiyo baraza ni WPA2, ile ya kabla yake. Baada ya soketi tatu na taa moja ndipo likanijia wazo ambalo lingeniokoa asubuhi yote: jina la zamani na nywila ya zamani wapewe vifaa, na jina jipya tupewe sisi watu. Mtu huandika nywila mpya kwa nusu dakika. Soketi inadai saa nzima. Nimegeuza. TV ya sebuleni, kisanduku cha chumbani na kipima maji vikahamia baraza vyenyewe, bila kujua kuwa vimehamishwa.

Kijana wa jirani naye kahamia baraza vilevile. Nitaongea na baba yake.

Nimewasha pia kipengele kinachozuia vifaa vya Wi-Fi moja visiongee vyenyewe kwa vyenyewe. Taa haina la kuiambia soketi.

Inveta inahitaji aya yake. Ina kijiti kinachotuma taarifa za sola mtandaoni, na kijiti hicho kina Wi-Fi yake ndogo ya kufanyia mipangilio, ambayo haizimiki hata baada ya kumaliza. Nywila yake ni 12345678, imechapwa kwenye kibandiko. Nilisimama barabarani nje ya geti nikaipata kwenye simu. Nikaingia, nikafungua ukurasa wa mipangilio, na nywila ya Wi-Fi ya nyumbani kwetu ilikuwa pale, wazi, herufi kwa herufi. Miaka miwili tumekaa hivyo. Nywila ya kijiti nimebadilisha. Na ile iliyokuwa inaonekana sasa inafungua baraza tu.

Jumapili, 2 Februari

DVR imehamia uani, tundu la 6 la swichi. Nikiwa ndani ninaifungua vizuri. Yenyewe ikijaribu kutoka, inagonga ukuta. Nimeangalia kumbukumbu za fayawoli, inajaribu tena na tena bila kuchoka, kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Halafu umeme ukakatika jioni, ukarudi, na rekodi zote za baada ya hapo zikaandikwa 01/01/2000.

Betri yake ndogo ya saa imekufa, sijui tangu lini. Zamani haikuonekana kwa sababu kila ikiamka iliuliza saa mtandaoni. Sasa haina wa kumuuliza. Rekodi yenye tarehe ya uongo haina maana hata kidogo. Ukienda nayo polisi utaambiwa mwizi aliruka ukuta wako kabla hujajenga. Nimeiambia ruta iwe seva ya saa, poti 123, na DVR iulize 192.168.40.1. Betri nitabadilisha pia. Ruta zenyewe za nyumbani kwa kawaida hazina betri ya saa, zinategemea intaneti zikiamka, kwa hiyo umeme ukirudi kabla ya intaneti kuna dakika chache za kubahatisha. Hiyo nakubali.

Jumamosi, 15 Februari

Lalamiko halali la mke wangu: akiwa kazini hawezi tena kuona geti. App ya DVR ilipitia seva za mtengenezaji, na njia hiyo nimeiziba.

Suluhisho ni WireGuard, programu inayochimba handaki la siri kupitia mtandaoni. Kwa kuwa CGNAT inatuzuia kufikiwa kutoka nje, nimekodi seva ndogo mtandaoni. Ruta ya nyumbani inaipigia yenyewe na kutuma pakiti tupu kila baada ya sekunde 25 ili njia isijifunge. Simu yake nayo inaipigia seva hiyohiyo, wanakutana pale. Anawasha swichi moja kwenye simu, anafungua kamera, anazima. Kwa wiki ya kwanza amenipigia mara nne kuuliza swichi gani.

Jumamosi, 8 Machi

Mwezi mzima TV ya sebuleni imekuwa chanzo cha maneno. Simu iko ndani, TV iko barazani, na ukibonyeza alama ya kurusha video kutoka kwenye simu, TV haimo kwenye orodha. Sheria zangu zinaruhusu ndani kwenda baraza, kwa hiyo njia ipo. Shida ni kwamba simu haijui kama TV ipo.

Ni suala la hodi. Simu haijui anwani ya TV. Inapiga hodi kwa wote kwa mkupuo, kwenye anwani 224.0.0.251, poti 5353, na TV huitikia "nipo". Hodi hiyo imeundwa isivuke ruta. Haitoki chumba ilimopigwa. Lazima awepo mtu mlangoni wa kuirudia upande wa pili, na mtu huyo kwenye OpenWrt anaitwa Avahi. Unamwekea `enable-reflector=yes`, unaruhusu UDP 5353 kutoka baraza ifike kwenye ruta, na hodi inasikika pande zote mbili. Amri zenyewe za kurusha video hupita poti 8008 na 8009, kutoka ndani kwenda barazani, hazihitaji ruhusa mpya.

Nilikomaa kuimaliza leo kwa sababu leo ni dabi ya Kariakoo. Saa nane mchana nikarusha video ya majaribio kutoka kwenye simu ya mtoto, TV ikaitika, watoto wakashangilia. Tukapanga viti, futari mapema, shemeji anakuja na familia. TV ikawa tayari. Simba na Yanga ikaahirishwa.

Nikiwa na muda usiotarajiwa, nilisoma maombi ya majina ambayo TV iliyatuma jana usiku ikiwa "imezimwa". Kurasa kwa kurasa. Mengine iliyatuma moja kwa moja 8.8.8.8, seva ya majina ya Google, ikiruka ruta yangu, hivyo nimeweka sheria: chochote cha baraza kinachoelekea poti 53 popote duniani kirudishwe kwa ruta. TV haijui kama imegeuzwa. Kuna njia mpya za kuficha maombi hayo ndani ya poti 443, mlango wa tovuti za kawaida, ambazo sheria hii haizigusi, lakini TV hii ni ya zamani, haijafika huko.

Jumanne, 1 Aprili, Iddi pili

Wageni kumi na wawili, wote wanataka Wi-Fi. Mtandao wa nne: wageni, VLAN 50, intaneti peke yake. Nimechapa alama ya QR, nimeibandika karibu na friji. Kijana wa jirani kahamia humo rasmi, kwa baraka za baba yake.

Jumapili, 27 Aprili

Hii ndiyo siku ninayotaka msomaji aisome mara mbili.

Jumanne ilipiga radi, masika yamekolea, na swichi yangu ya lebo ikafa. Nilikuwa safarini Dodoma. Mke wangu akamwita fundi wetu wa kamera, naye, kwa moyo safi kabisa, akaweka swichi ya kawaida, akachomeka waya zote, vitu vikawaka. Nikashukuru kwa simu.

Jana nimerudi. Leo asubuhi simu yangu ikatoa arifa kutoka kwenye app ya zamani ya DVR ambayo sijawahi kuifuta: kifaa chako kiko mtandaoni.

Nikakaa kitandani nikiitazama. DVR haina intaneti. Nimeinyima mwenyewe tangu Februari.

Nilipoangalia orodha ya anwani zilizogawiwa, DVR ilikuwa 192.168.10.143. Ndani. Chumbani kabisa, pamoja na kompyuta ya kikoba. TV nayo, inayotumia waya tangu Machi, iko ndani. Kumbe ndiyo sababu watoto walisema wiki hii inashika haraka.

Kilichotokea ni rahisi ukishakijua. Kwenye waya mkuu kutoka kwenye ruta nilipitisha baraza na uani kwa lebo, lakini ndani nikaipitisha bila lebo, kwa uvivu, ili kompyuta yoyote nikiichomeka ishike. Swichi ya kawaida haisomi lebo. DVR inapotuma fremu, haina lebo, na kwa ruta yangu isiyo na lebo maana yake ni mtu wa ndani, karibu. Siku nne ukuta haukuwepo na kila kitu kilifanya kazi vizuri zaidi kuliko kawaida. Hakuna taa nyekundu iliyowaka. Ukuta wa matofali ukianguka utausikia. Huu ulianguka tukaona nyumba imepata hewa.

Marekebisho ya leo. Swichi mpya ya lebo. Kwenye waya mkuu, ndani nayo sasa ina lebo. Fremu isiyo na lebo inatupwa. Nimejaribu makusudi na swichi ile ya fundi: vitu vyote vimekufa, hakuna intaneti popote. Hivyo ndivyo ninavyotaka. Kikiharibika, kizime na watu wapige kelele. Pili, nimeandika programu fupi kwenye ruta: kila dakika tano inapitia anwani zilizogawiwa ndani, na ikikuta MAC ya DVR, TV au inveta humo, inanitumia ujumbe.

Fundi nimemweleza kwenye karatasi, kwa mchoro wa baraza na uani. Alisikiliza vizuri. "Kwa hiyo bosi, swichi si swichi."

Jumapili, 4 Mei

Baada ya aibu ile sikuamini tena mipangilio ninayoisoma kwenye skrini. Leo nimejifanya kifaa. Nimechomoa waya wa TV nikauchomeka kwenye kompyuta yangu na kuanza kugonga huku na huku.

Kwenda 192.168.10.x, hakuna kinachojibu. Nimetumia `nmap -Pn` maana kompyuta nyingi hazijibu ping, ile hodi ya kuuliza kama upo, hata zikiwepo. Kwenda uani, hakuna. Ukurasa wa ruta kwa anwani zake zote nne, umekataliwa. Vizuri.

Halafu nikaandika 192.168.100.1, nikapokewa na ukurasa wa kuingilia wa ruta ya kampuni ya intaneti. Ile ninayoambiwa nisiiguse, yenye nywila ya kibandiko. Nilisema baraza iende intaneti, na kwa ruta yangu "intaneti" ni chochote kilichoko upande wa nje, pamoja na kile kisanduku kilicho katikati. TV ingeweza kukibadilishia mipangilio na kutupeleka sote inakotaka.

Sheria mpya, juu ya zote: kutoka baraza na wageni kwenda nje, kataa 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Hizo ni anwani za majumbani, hakuna tovuti ya kweli inayokaa humo. Nimejaribu tena: kimya.

Jumamosi, 14 Juni

Yaliyobaki. Printa iko barazani na inachapa kutoka ndani bila shida, ila ku-skani hadi kwenye kompyuta kumegoma, kwa sababu hapo printa ndiyo inayoanza maongezi. Sijaifungulia. Tunaskani kwenye flashi.

Betri ya DVR imebadilishwa. Programu ya kuchunguza imenitumia ujumbe mara moja tu, nami ndiye niliyekuwa najaribu.

Kipima maji cha tanki hakijatoa taarifa tangu niweke sheria ya poti 53. Inaonekana hakikubali kujibiwa na ruta yangu, na nimekitafutia njia wiki mbili. Jana nikamuuliza mke wangu kama amekosa taarifa za tanki. Akasema hiyo app hajawahi kuifungua hata siku moja. Yeye hupanda ngazi akaligonga kwa kiganja. Nimekichomoa.